Mali bila daftari: Kwa nini kiongozi wa ushirika Maruku anahitaji kabati la vitabu

MKULIMA wa Maruku, wilayani Bukoba mkoani Kagera, hahitaji kuambiwa thamani ya mbuni. Kibanja chake kina migomba na mibuni iliyopandwa pamoja tangu enzi za babu, na ada ya shule, bati la nyumba na gharama za msiba vyote hutazamia mti huo mmoja.

Maruku yenyewe ni jina kubwa katika utafiti wa kilimo. Hapo kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinachofahamika kwa utafiti wa migomba. Hapo hapo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyoanza kazi mwaka 2001, ina kituo chake kinachoshughulikia robusta. Mnyauko fuzari ulipogundulika Kagera katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kuanza kukausha mibuni, wakulima walisubiri jibu kutoka kwa watafiti, na miche yenye ukinzani ikapatikana.

Lakini upo ugonjwa mwingine ambao hauna mche wa kuutibu. Huu haushambulii mbuni bali chama kinachouza kahawa. Dalili zake zinajulikana: malipo ya pili yasiyofika, mkopo wa benki usioeleweka ulitumika wapi, mkutano mkuu unaovunjika kwa kelele, na mkulima anayeamua kupeleka gunia lake kwa mlanguzi usiku. Mara nyingi watu husema chanzo ni wizi. Wizi upo, lakini upo pia upungufu ambao hauzungumzwi sana, nao ni kiongozi aliyepewa mali ya watu bila kupewa elimu ya kuiongoza.

Kiti kizito

Tangu msimu wa 2018/19, serikali ilipoelekeza kahawa ya wakulima ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika, kiti cha mwenyekiti wa chama cha msingi, yaani AMCOS, kimekuwa kizito kuliko zamani. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Wengi wanaaminika kijijini kwa sababu ni wazee wa busara, walimu wastaafu au watu wenye vibanja vilivyotunzwa vizuri. Sifa hizo ni njema, ila hazimfundishi mtu kusoma mizania.

Bodi hiyo ndiyo inayoajiri katibu au meneja, inayopitisha makisio ya mapato na matumizi, na inayopeleka kwenye mkutano mkuu ombi la ukomo wa madeni. Mkaguzi kutoka Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) anapoleta taarifa yake, bodi ndiyo inayotakiwa kujibu hoja. Kiongozi asiyeelewa kilichoandikwa hubaki na njia mbili: kumwamini mtumishi wake kwa kila jambo, au kumshuku kwa kila jambo. Njia zote mbili huua chama.

Chukua mfano wa hesabu ndogo. Chama kimekusanya kilo 60,000 za kahawa ya maganda. Inapopimwa tena ghalani kabla ya kusafirishwa, zinaonekana kilo 58,800. Tofauti ni kilo 1,200, sawa na asilimia mbili tu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 3,600,000. Je, kahawa ilipokewa ikiwa mbichi ikakaukia ghalani? Mizani ya kupokelea haikuhakikiwa? Au kuna magunia yaliyotoka bila hati?

Mwenyekiti anayepitia daftari la ghala kila wiki huiona tofauti hiyo ikiwa bado kilo 100, na huuliza siku hiyo hiyo. Asiyelipitia huisikia kwa mara ya kwanza kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama wenye hasira, wakati msimu umekwisha na mashahidi wametawanyika. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kiongozi wa ushirika, kitabu cha kwanza cha biashara ni leja ya chama chake mwenyewe.

Walioanza walikuwa wasomaji

Jambo la kusoma ili kuongoza si geni kwa watu wa Bukoba. Chama cha Bahaya Union kilichoanzishwa mwaka 1924 kilikuwa na makarani na watu waliopitia shule, akiwamo Klemens Kiiza, ambaye katika miaka ya 1930 aliongoza juhudi za wakulima wa kahawa kujiunga pamoja ili wasiendelee kutegemea wafanyabiashara wa kati. Mwaka 1950 ukaja muungano wa vyama vya ushirika wa Bukoba, BNCU, ambao ndio mzizi wa KCU ya leo.

Baada ya uhuru nchi iliona haja ya kuwasomesha viongozi wa vyama hivyo. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na elimu ya ushirika ikawafuata viongozi hadi vijijini, mingine ikitolewa kwa masomo ya posta. Chuo hicho kilipanda mwaka 2004 kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Katikati ya safari hiyo kuna shimo. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirejesha ikatungwa mwaka 1982. Majengo na maghala yaliweza kurudishwa. Kilichokuwa kigumu kurudisha ni mazoea: mjumbe kijana kukaa karibu na mjumbe mzee, kujifunza namna ya kuhoji hesabu na namna ya kusema hapana kwa katibu bila kumdhalilisha. Mazoea hayo yakikatika, hayarudi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Vitabu vinasema nini

Katika maduka ya vitabu ya miji mikubwa, rafu za uongozi na biashara zimejaa. Vingi vimeandikwa Marekani na kwa Kiingereza, na vingine vinauza ndoto za utajiri wa haraka. Lakini vipo vyenye mafunzo yanayoweza kuvuka bahari hadi kwenye kibanja.

Peter Drucker, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha uongozi wa mashirika Marekani, alitoa mwaka 1967 kitabu chake The Effective Executive. Moja ya hoja zake kuu ni kwamba kiongozi aanze kwa kujua muda wake unakwenda wapi, kwa kuuandika, si kwa kuukumbuka. Hoja hiyo ikiletwa Maruku ina maana ya wazi, kwa sababu kalenda ya uongozi lazima itangulie kalenda ya kahawa.

Ushahidi wake ni butura, ule ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini ambao serikali imeupiga vita kwa miaka mingi. Mzazi anayedaiwa ada Januari, mavuno yakiwa bado miezi kadhaa, huuza mazao yake kwa sehemu ndogo ya bei. Bodi inayokaa kupanga mambo yake mavuno yakiwa yamefika imekwisha kuchelewa, kwani kahawa ya mwanachama tayari ni ya mtu mwingine. Bodi inayokaa miezi sita kabla inaweza kuzungumza na SACCOS au benki juu ya mikopo midogo ya dharura, na kuwaeleza wanachama mapema.

Kwa upande wa Tanzania, Reginald Mengi alichapisha mwaka 2018 kitabu kinachoeleza maisha yake, I Can, I Must, I Will. Watu wengi humkumbuka kwa vyombo vya habari, lakini msomaji makini ataona kwamba kabla ya kuwa mfanyabiashara mkubwa alikuwa mhasibu, na kwamba alianza na kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Aliijua hesabu kabla ya kuijua biashara.

Kagera nayo ina mtu wake. Ali Mufuruki, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1958 na kusomea uhandisi Ujerumani, alianzisha kampuni ya Infotech mwaka 1989 na akawa mwasisi wa jukwaa la wakuu wa makampuni nchini, CEO Roundtable. Mwaka 2017 yeye na wenzake watatu walitoa kitabu juu ya safari ya Tanzania kuelekea uchumi wa viwanda. Mufuruki, aliyefariki Desemba 2019, alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Africa Leadership Initiative katika Afrika Mashariki, mpango ambao viongozi hukaa pamoja, husoma maandiko na kuyajadili. Ni vema kulitazama hilo kwa makini: wakuu wa makampuni makubwa, wenye shahada na madereva, hukubali kukaa darasani tena.

Wala wanaushirika hawajifunzi jambo hili kutoka kwa matajiri. Waasisi wa Rochdale, mafundi wa Uingereza waliofungua duka lao mwaka 1844, walikuwa na chumba cha kusomea na walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hadi leo elimu na mafunzo ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika duniani.

Shamba darasa la viongozi

Tatizo la vitabu hivyo kwa kiongozi wa kijijini ni mawili: lugha na gharama. Kitabu cha Kiingereza cha bei kubwa hakitamsaidia mjumbe aliyemaliza darasa la saba. Hata hivyo, wakulima wa Kagera tayari wana njia ya kujifunza ambayo haimlazimu kila mtu kununua kitabu wala kujua Kiingereza. Njia hiyo ni shamba darasa.

Mashamba darasa yaliingia kwa nguvu mkoani humo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa FAO na IFAD. Wakulima hukutana kwa ratiba katika shamba moja, hutazama mmea, huandika walichokiona, hubishana, kisha huamua la kufanya. Hakuna anayetoa hotuba ndefu. Mmea wenyewe ndio mwalimu.

Utaratibu huo huo unaweza kutumika kwa bodi za AMCOS, wasimamizi wa maghala, wakuu wa shule na mameneja wa viwanda vidogo. Viongozi kumi wa vyama jirani hukutana mara moja kwa mwezi. Mmoja wao, pengine mwalimu au kijana aliyehitimu chuo, amesoma sura moja ya kitabu na anaieleza kwa Kiswahili, na kwa Kihaya pale inapobidi. Kisha hufunguliwa daftari halisi la chama kimoja, nalo linasomwa mstari kwa mstari. Mwezi unaofuata kila mmoja anaeleza alichobadilisha. Nakala moja ya kitabu inatosha watu kumi, na maktaba ya mkoa iliyopo mjini Bukoba ni mahali pa kuanzia kutafuta.

Afisa ushirika wa wilaya ndiye mtu wa kualikwa kwanza, kwa kuwa anajua hoja za ukaguzi zinazojirudia kila mwaka. Hoja hizo zenyewe ni mtaala tosha: stakabadhi zisizoandikwa, fedha taslimu zilizokaa ofisini bila kupelekwa benki, manunuzi yasiyo na idhini, mikopo iliyozidi ukomo.

Tahadhari ya posho

Mpango wa namna hii una adui mmoja mkubwa, nao ni posho. Kwa miaka mingi mafunzo ya viongozi yamekuwa semina ya siku mbili hotelini, yenye chai, bahasha na cheti. Kiongozi anarudi kijijini na mkoba mpya, lakini leja inabaki vilevile. Mahali ambapo mtu huja kwa ajili ya bahasha, bahasha ikiisha na elimu inaisha. Kundi dogo linalokutana chini ya mti bila posho litapoteza wajumbe wachache mwanzoni, ila watakaobaki ndio waliokuja kujifunza.

Adui wa pili ni kiongozi anayesoma ili aonekane msomi. Huyu hutaja majina ya waandishi mkutanoni na kuwatisha wanachama kwa maneno magumu. Kipimo cha kitabu kizuri ni kingine kabisa. Baada ya kukisoma, je, mwenyekiti anaweza kumweleza bibi mwenye mibuni 40, kwa dakika tano na kwa lugha yake, kwa nini alilipwa kiasi alicholipwa? Akiweza, amesoma. Akishindwa, arudie sura.

Gharama ya kutojifunza haimwangukii kiongozi peke yake. Chama kikifilisika, mwenyekiti hurudi kibanjani kwake kama wengine, lakini mwanachama aliyekosa malipo ya pili huuza butura mwaka unaofuata, na mtoto wake huchelewa shule. Kwa hiyo shime viongozi wa Maruku, Bukoba na Muleba, na wa kila mahali penye mali ya pamoja. Miezi ya kungoja mavuno ni mirefu, na ni ya kutosha kabisa kumaliza kitabu kimoja na kufungua leja zote za msimu uliopita kabla mizani haijaanza tena kupima.