Lile gemu la vifaru liliitwaje? Namna ya kupata gemu la utotoni ambalo jina limepotea

Desemba Muleba watu wanarudi nyumbani. Wa Dar wamefika, wa Mwanza wamefika, senene wako kwenye kikaango, na jioni ndugu wakikaa pamoja stori zinarudi utotoni. Hapo ndipo mmoja huuliza: "Jamani, mnakumbuka lile gemu la vifaru?"

Wote wanalikumbuka. Jina hakuna anayelijua. Mmoja anasema lilikuwa la rangi, mwingine anabisha kwamba lilikuwa la miraba myeusi tu. "Dada, wewe ulikuwa mdogo sana," kaka mkubwa anafunga ubishi. Lakini naye ukimbana, jina hana.

Ubishi wa namna hii unaweza kuukuta Kashai, Rwamishenye, Nshamba au Kamachumu. Habari njema ni kwamba mengi ya magemu hayo yanapatikana: jina, kampuni na mwaka. Kinachotakiwa ni utaratibu, bahati huja baadaye.

Kwa nini majina hayakukaa kichwani

Kwanza, historia. Mwaka 1974 serikali ilizuia uagizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara, na vituo vya televisheni vya Bara, ikiwemo ITV, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. TV gemu haichezeki bila TV, na TV haiwaki bila umeme. Ndiyo maana watoto wengi wa Kagera walikutana na magemu haya miaka ya mwisho ya 1990 na miaka ya 2000, wakati yenyewe yalitengenezwa Japani miaka ya 1980.

Mashine mama ilikuwa Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983. Mashine nyingi zilizosambaa Afrika hazikuwa Famicom zenyewe. Zilikuwa nakala za bei nafuu kutoka viwanda vya Asia, zenye maumbo na majina tofauti, lakini ndani zilicheza magemu yaleyale.

Kaseti zake ndizo zilizovuruga kumbukumbu. Juu iliandikwa kwamba ina magemu 9999, kumbe ndani kuna machache yanayojirudia. Hakukuwa na boksi wala kitabu cha maelezo. Kwenye orodha, majina yalikatwa au kubadilishwa. Mtoto aliita gemu kwa kile alichokiona: la vifaru, la bata, la simba na moto.

Anza na mashine, usianze na jina

Kosa la kwanza ni kukimbilia kuandika Google "gemu la zamani la kurusha risasi". Majibu yatakuwa maelfu. Njia fupi ni kujibu kwanza: lilichezwa kwenye kitu gani?

Kama ni kwenye TV, kwa kaseti inayopulizwa vumbi kabla ya kuchomekwa, hapo ni ukoo wa Famicom. Kama ni CD kwenye kibanda cha kulipia, huenda ni PlayStation. Kama ni kompyuta ya shuleni, ofisini au intaneti kafe, tafuta magemu ya Windows. Kama ni simu ya kitochi, basi ni yale yaliyokuja ndani ya simu au yaliyopakuliwa baadaye. Na kama ni kile kidude cha mkononi chenye miraba myeusi, hicho ni Brick Game, mtoto wa Tetris, gemu lililobuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984.

Swali hilo moja linaweza kumaliza hata ubishi wa yule kaka na dada. Brick Game nayo ilikuwa na gemu la vifaru, la miraba isiyo na rangi. La kwenye TV lilikuwa na rangi. Inawezekana wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anakumbuka gemu lake.

Tumia matukio kupata mwaka

Watu wachache wanakumbuka mwaka. Wengi wanakumbuka tukio. Je, ilikuwa kabla au baada ya MV Bukoba kuzama, 21 Mei 1996? Wakati wa Kombe la Dunia la 2002 au la 2010? Nyumba ilikuwa ileile ya kabla ya tetemeko la 10 Septemba 2016?

Mwaka huo hausemi gemu lilitengenezwa lini, maana gemu la 1985 liliweza kufika kijijini miaka 15 baadaye. Unachosema ni kwamba gemu halikutoka baada ya hapo. Aliyecheza mwaka 2001 hakucheza GTA Vice City, kwa sababu lilitoka 2002.

Andika kabla ya kuangalia

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Kabla ya kufungua picha yoyote, andika unachokumbuka: unaona kutoka juu au kutoka pembeni? Skrini inatembea au imetulia? Wanacheza wangapi kwa pamoja? Unakufaje? Muziki unaanzaje?

Sababu ni kwamba kumbukumbu inachafuka kirahisi. Mtu akishaangalia video kumi za magemu ya zamani, ubongo unachanganya, na anaanza "kukumbuka" vitu ambavyo hakuviona. Kama ndugu wapo, kila mmoja aandike peke yake, halafu wafananishe. Lile ambalo watatu wameandika bila kuambiana ndilo la kuaminiwa.

Swali la "unakufaje" ndilo lenye nguvu zaidi. Kukimbia na kuruka kuko kwenye mamia ya magemu. Lakini mtu anayekimbia, anarusha shoka, na anakufa asipokula matunda, huyo ni wa Adventure Island la Hudson Soft, 1986. Anayepanda simba na kuruka pete za moto ni Circus Charlie la Konami, lililoanza 1984. Mpira wa chuma unaopigwa kwenye ubao wa anga za juu, kwenye kompyuta ya Windows XP, ni 3D Pinball Space Cadet, ambalo Microsoft waliliacha lilipokuja Windows Vista.

Na lile la vifaru? Skrini imetulia, unaona kutoka juu, kuna kuta za matofali, na chini katikati kuna alama ya ndege inayolindwa. Ndege akipigwa, mchezo umeisha, hata kama aliyempiga ni mdogo wako kwa bahati mbaya. Hilo ni Battle City la kampuni ya Namco, 1985. Lina hatua 35, na kila hatua ina vifaru 20 vya adui.

Wanaolikosa mara nyingi wanatafuta kwenye orodha za Kimarekani za magemu ya Nintendo. Battle City halikuuzwa rasmi Marekani kwa mashine ile, kwa hiyo orodha nyingi za huko hazina. Anayetafuta aandike Famicom, siyo NES peke yake. Pia kuna nakala zilizochezewa, maarufu kwa jina la Tank 1990, zenye ramani tofauti. Ukiona gemu ni lilelile lakini kuta hazikai unavyokumbuka, huenda kaseti yenu ilikuwa na nakala hiyo.

Pa kutafutia

Tovuti ya MobyGames, iliyoanza 1999, ina orodha kubwa ya magemu yenye picha, na mtu anaweza kuchuja kwa mashine na mwaka. Maelezo yake ni ya Kiingereza, hivyo maneno mepesi kama "tank", "brick" na "eagle" yanasaidia kuliko sentensi ndefu.

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani iliyoanzishwa 1996, ina maelfu ya magemu ya kompyuta za zamani yanayochezeka ndani ya kivinjari bila kupakua. Kwenye simu ni tabu kidogo, kwa sababu mengi yanataka kibodi.

Uhakika wa mwisho uko YouTube. Weka ubora wa chini ili bando lisiishe, na usikilize sauti. Macho yanadanganywa na magemu yanayofanana, lakini ule muziki mfupi wa kuanzia ukilia, mtu anaujua papo hapo.

Usiingizwe mjini

Wanaojua hamu hii wanaitumia. Kuna programu zinazojiita "magemu yote ya zamani", zinazopakuliwa nje ya duka rasmi la simu. Gemu la vifaru halina sababu ya kusoma SMS, kuona namba ulizohifadhi, wala kupiga simu. Programu ikiomba ruhusa hizo, ifutwe, hasa kwenye simu yenye pesa za mtandao. Na gemu kuwa la zamani hakumaanishi halina mwenyewe. Mengi bado yana haki miliki.

Siyo gemu tu

Kuna anayeweza kusema huu ni utoto. Watu wazima, wenye kodi na ada za watoto, wanahangaika na vifaru vya mwaka 1985?

Lakini Battle City lilichezwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa na kifaru cha njano, wa pili cha kijani. Risasi ya mmoja ikimpata mwenzake haikumuua, ilimgandisha kwa muda tu, na hapo ugomvi ulianza kwenye mkeka. Gemu halikuhifadhi chochote: umeme ukikatika, pointi zote zilipotea. Mashine ziliharibika, nyingine zikagawiwa, nyumba nyingine zikaanguka kwenye tetemeko. Picha za wakati ule ni chache, na hakuna aliyepiga picha ya watoto wakicheza gemu.

Katika familia nyingine, aliyeshika pedi ya pili ameshatangulia. Kwa hao, jina la gemu ni mlango wa kuingia tena sebuleni, siku ile. Ndiyo maana inafaa kuwauliza wakubwa mapema, wakati kaka, dada, shangazi na jirani mwenye TV bado wapo. Mtandao unaweza kutoa jina, kampuni na mwaka. Nani alikuwa kifaru cha kijani, hilo wanalijua wa nyumbani tu.