Dawa ya Maumivu Si Peremende

Tuchukue mfano. Baba ametoka shambani jioni, mgongo unauma na kichwa kinagonga. Anamtuma mtoto dukani: "Niletee mbili za kichwa." Anameza na chai ya rangi, analala. Kesho ni vile vile. Miezi inapita. Siku moja anatapika kitu kama unga wa kahawa, na choo chake ni cheusi kama lami. Ndipo watu wanamkimbiza hospitali.

Ni nini kimetokea?

Aspirini, Brufen na diklofenaki hupunguza ule ute unaolinda tumbo lisichomwe na asidi yake. Ukizimeza kila siku, hasa kama unakunywa pombe, tumbo linaweza kufanya vidonda na damu ikavuja ndani. Wazee, na wale waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, wako hatarini zaidi. Brufen na diklofenaki pia zaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mama mja mzito asizimeze bila kuambiwa na daktari.

Na Panadol je?

Dawa iliyo ndani yake ni parasetamoli. Hii haisumbui tumbo hivyo, lakini ikizidi huharibu ini. Tembe ya kawaida ina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya humeza moja au mbili, kisha hungoja masaa manne hadi sita. Kwa siku moja, mchana na usiku, asipitishe tembe 8. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mtu aliyekonda sana aulize kwanza. Na jambo baya ni kwamba aliyezidisha anaweza kujisikia mzima siku ya kwanza, kumbe ini linaharibika.

Shida kubwa ni majina. Majina ni mengi lakini dawa ni ile ile. Paketi moja ya dukani yaweza kuwa na aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli pia. Ukimeza hii asubuhi na ile mchana, umejiongezea bila kujua. Tena mwenye duka akikukatia tembe mbili kwa makasi, jina na tarehe ya mwisho vinabaki kwake.

Je, dawa inaweza kuleta maumivu?

Ndiyo. Mtu anayemeza dawa za kichwa siku 10 au 15 kila mwezi, kwa miezi mitatu au zaidi, huweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Na kama ni malaria, tembe itashusha homa tu. Vijidudu vinabaki katika damu, na wewe unachelewa kutibiwa.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi:

1. Uliza jina la dawa na usome paketi.
2. Usichanganye dawa mbili za maumivu bila ushauri.
3. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo.
4. Maumivu yakipita siku chache, nenda zahanati, na useme umemeza nini na ngapi.
5. Ukiona choo cheusi au ukitapika damu, usingoje kesho.

Maumivu ni kengele. Tembe huzima sauti ya kengele, haimfukuzi mwizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.