Pembe Iliyoua Watoto wa Nedertorneå

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika parokia ya Nedertorneå, kaskazini kabisa mwa Uswidi, karibu watoto 400 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu nusu ya idadi hiyo. Tunalijua hili kwa sababu tangu mwaka 1749 mapadri wa Uswidi walitakiwa kuipelekea serikali hesabu za waliozaliwa na waliokufa.

Mtu angedhani ni baridi, lakini vifo vilipanda zaidi majira ya joto. Wala haikuwa njaa: wenyeji walifuga ng'ombe kando ya mto Torne, na maziwa yalikuwepo. Maziwa hayo hayo ndiyo yaliyoleta maafa.

Wanawake wengi wa huko hawakunyonyesha. Majira ya joto walishinda mashambani wakikata majani ya kulisha mifugo wakati wa baridi kali, na mtoto alibaki nyumbani na pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, ikafungwa chuchu ya ngozi. Humo yalitiwa maziwa yasiyochemshwa. Pembe ni vigumu kuisafisha ndani. Mabaki yaliganda, yakachacha, na bakteria wakazaliana kwa kasi kwenye joto. Mtoto akaharisha, mwili ukaishiwa maji, na kwa siku chache akafa. Tena alikosa kingamwili zilizomo katika maziwa ya mama, ambazo zingemsaidia kupambana na vijidudu hivyo.

Nedertorneå haikuwa peke yake. Katika miaka ya 1860 Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ilipoteza zaidi ya watoto 300 kati ya 1,000. Norwei, ambako wakulima na wavuvi wengi walikuwa maskini lakini walinyonyesha, ilipoteza takriban 100. Tofauti hiyo kubwa ilitokana kwa sehemu kubwa na namna watoto walivyolishwa.

Turudi Nedertorneå. Baadaye katika karne hiyo ya 19 daktari Carl Josef Wretholm alianza kazi Haparanda, mji wa jirani. Yeye na wakunga waliosomea kazi yao waliwahimiza akina mama kunyonyesha, wakaeleza hatari ya pembe. Vifo vikaanza kupungua sana. Antibiotiki hazikuwepo, na Louis Pasteur alikuwa bado hajaueleza ulimwengu juu ya vijidudu. Kilichobadilika ni malezi.

Tusiwalaumu akina mama wale. Walifuata desturi waliyoirithi, na kazi nzito haikuwaachia nafasi ya kukaa na mtoto. Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Ushauri huo hautekelezeki ikiwa mama anarudi kazini na kunyimwa muda. Nchini Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwajiri aiheshimu, na mama anayefanya kazi shambani au sokoni, asiye na mwajiri wa kumdai saa hizo, asaidiwe kazi na mume, ndugu na majirani. Kumwambia mama anyonyeshe bila kumpunguzia mzigo ni kumwacha mtoto hatarini.