Sharti la Kutoshindana na Uhuru wa Kuhama Kazi: Mtazamo kutoka Tana River

Makala haya yanakusudia kufafanua sharti linalowekwa katika baadhi ya mikataba ya ajira, ambalo humkataza mfanyakazi aliyeacha kazi kuajiriwa na mshindani wa mwajiri wake wa awali, au kufungua biashara ya aina ileile, kwa muda na katika eneo lililotajwa. Hapa tutaliita sharti la kutoshindana. Huenda msomaji akauliza: suala hili la wanasheria linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Tutaona kwamba sheria yenyewe imelileta mlangoni petu.

Ikumbukwe kwamba bonde la Mto Tana limekuwa na historia ndefu ya watu kuzuiwa kuhama kazi. Katika karne ya 19, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walijificha katika misitu ya Witu, wakapokelewa na Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba. Waliitwa watoro. Serikali ya kikoloni ilipoingia, ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, kisha ikaleta kipande, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika kipande, mwajiri alitia sahihi kuthibitisha kwamba amemwachilia mfanyakazi. Bila sahihi hiyo, kupata kazi kwingine kulikuwa shida. Aliyeondoka bila ruhusa aliwindwa kama mtoro wa zamani. (Neno hilo leo tumewabakishia watoto wanaokwepa shule.) Huko Hola nako, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa.

Hata baada ya uhuru, kanuni za miradi ya unyunyizaji za mwaka 1977, zilizohusu pia Hola na Bura, zilimtaka mkulima mwenye leseni autoe muda wake wote kwa shamba lake, wala asimruhusu mtu mwingine kulilima bila idhini ya meneja iliyoandikwa. Hakuwa mtumwa, wala hakuwa mwajiriwa. Lakini riziki ya pili aliitafuta kwa kuibia.

Sharti la kutoshindana ni tofauti na hayo yote kwa jambo moja: linamwacha mtu aondoke, kisha linamfungia mlango wa aendako. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia Afrika Mashariki, ililihesabu zuio la namna hiyo kuwa batili. Jimbo la California nchini Marekani linalo katazo kama hilo tangu mwaka huohuo. Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria ya Mikataba Inayozuia Biashara, Sura ya 24, ambayo ni ya tangu 1932, inasema kwamba sharti halibatiliki kwa sababu tu linazuia kazi. Lakini Mahakama Kuu inaweza kulibatilisha endapo, kwa kuzingatia aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote, linamlinda mwajiri kupita kiasi au linaudhuru umma. Leo migogoro ya ajira husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, nayo Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameajiriwa katika duka la dawa za mifugo mjini Garsen. Mkataba unamkataza kuuza dawa hizo popote katika Kaunti ya Tana River kwa miaka 2 baada ya kuacha kazi. Jijini Nairobi, katazo la mtaa mmoja humwachia mtu mitaa mingine mingi. Huku, ukiondoa Hola, Bura na Garsen, miji ya kuuzia dawa ni ya kuhesabu kwa vidole. Kijana huyu hana budi kuhamia Malindi, zaidi ya kilomita 100. Isitoshe, umma unaotajwa na sheria ni Waorma na Wawardei wanaoswaga ng'ombe wagonjwa kumtafuta anayejua dawa. Kwa maoni yetu, sharti hilo ni vigumu kulitetea. Lingekuwa la kumzuia kuchukua daftari la wateja na wadeni, hapo mwajiri angekuwa na hoja.

Lakini kijana huyo atafikaje mahakamani ikiwa hakuelewa alichotia sahihi? Hapa ndipo tunapohusika. Sheria ya Ajira ya 2007, Kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, amefafanuliwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Mjini Garsen, ambako Mpokomo, Muorma na Mgiriama hukutana sokoni, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili.

Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno ataandika: "Mwajiriwa hatajihusisha, moja kwa moja au vinginevyo, na shughuli yoyote shindani." Sarufi haina kasoro, ila msikilizaji hakuambiwa kitu. Afadhali kusema: "Ukiacha kazi hapa, usiuze dawa za mifugo Garsen kwa miezi 6." Akisomewa hivyo, mfanyakazi ataweza kuuliza, kabla ya kubandika kidole gumba: "Na ukinifukuza wewe, je?" Mwajiri naye atalazimika kujibu, na jibu lake liandikwe papo hapo.