Chuma kimechoka: Ukitengeneze au ukitose?

PITA jioni mitaa ya Mabatini, Kirumba au Igoma hapa Mwanza, hukosi kukuta uani vijana wanajaza vifua: benchi la kuchomelea, bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Wenye nafasi kidogo wana baiskeli ya mazoezi ya mtumba sebuleni. Vibopa wana mashine ya kukimbilia. Lakini vyote, vya makopo na vya Ulaya, vina siku yake ya kulia nyeeek! Sasa hapo, kwa fundi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu?

Wengi wanakimbilia kuhesabu hela. Hebu anza na shingo yako kwanza. Jiulize: kitu hiki kikikatika nikiwa nakitumia, kitanifanya nini? Kama kitanisimamisha tu, tengeneza. Kama kitaniangukia, fikiri mara mbili.

Tuanze na benchi. Kutu ya juu juu isikutishe. Piga brashi ya waya, piga msasa, paka rangi. Lakini kutu iliyokula chuma mpaka kimekuwa chembamba, rangi haiitibu hiyo, inaificha tu. Kiungo chenye ufa kinachomelewa upya endapo chuma cha pembeni bado ni kinene. Bomba lililopinda je? Usilinyooshe, bwana! Limeshachoka palepale lilipopindia, na siku likikubali tena, wewe utakuwa umelala chini yake. Nunua jipya.

Makopo nayo yana hesabu. Lita moja ya zege ina uzito wa kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 ni karibu kilo 10. Zege likimeguka upande mmoja, bomba linalala na mgongo wako ndio unaolipa. Usizibe viraka. Mwaga zege jipya makopo yote mawili siku moja, yamwagilie maji kama wiki hivi yashike vizuri, halafu omba mizani kwa muuza dagaa uhakikishe yako sawa.

Baiskeli ya mazoezi ndiyo yenye bahati. Gololi, mnyororo, pedeli na breki ni kazi ambayo fundi baiskeli wa mtaani anaiweza. Mkumbushe tu kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Akiilazimisha ataua nati zake. Fremu ikipasuka, hapo itose.

Mashine ya kukimbilia ni habari nyingine. Soma kibao chake kabla ya kuichomeka. Iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 110 hadi 120, na umeme wetu ni 230. Kama iliwahi kuchomekwa bila transfoma ikatoa moshi, usiifie. Bodi ya umeme ni ghali na kuipata ni shughuli. Ila mkanda ukiteleza tu, kaza boliti za nyuma kidogo kidogo, pande zote sawa. Na usithubutu kuupaka oili chafu ya gari!

Sasa ndiyo uje kwenye hela. Mwambie fundi ataje bei yote, spea na ufundi, kabla hajafungua hata nati moja. Kisha ulizia kitu cha aina hiyo hiyo, cha mtumba lakini kizima, kinauzwaje. Fundi akipita nusu ya bei hiyo, mshukuru, uondoke.

Mwisho, uwe mkweli. Kama baiskeli hiyo siku hizi kazi yake ni kuanikia taulo, usiipeleke kwa fundi wala usinunue nyingine. Iuze ingali inazunguka. Kilima cha Bugando kipo palepale, hakina gololi, hakitaki umeme, na kukipanda ni bure. Jasho lake ni lile lile, mshikaji!