Kizazi kimetolewa, je, saratani imekwisha?

WANAWAKE wengi waliotolewa kizazi huamini kuwa saratani ya uzazi haiwahusu tena. Hoja ya akina mama, kuanzia ufuo wa Dunga hadi soko la Kibuye mjini Kisumu, ni nyepesi: nyumba ikishabomolewa, mwizi ataingia wapi?

Tatizo ni kwamba nyumba nyingine hubomolewa mlango ukaachwa. Upasuaji huu mara nyingi hufanywa kwa sababu ya uvimbe au hedhi isiyokoma, na kwa kawaida daktari huondoa kizazi pamoja na mlango wake. Lakini kuna wakati huuacha, hasa katika dharura, kama vile mama anapovuja damu nyingi baada ya kujifungua na kila dakika ni ya kuokoa maisha. Mama huyo huenda asipate hedhi tena, lakini mlango wa kizazi uko palepale. Virusi vya HPV, ambavyo husababisha karibu saratani zote za sehemu hiyo, havijali kama nyuma ya mlango kuna chumba.

Kando ya Ziwa Victoria jambo hili ni zito. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 3,000. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi yumo hatarini mara sita kuliko asiye navyo. Na kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi hivyo nchini.

Aliyetolewa vyote kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, na ambaye hakuwahi kupatikana na dalili za saratani, kwa kawaida hahitaji tena kipimo cha mlango. Upasuaji wenyewe hauleti saratani, majirani waseme watakavyo. Lakini ikiwa alitolewa kizazi kwa sababu chembe zilikuwa zimeanza kuharibika, aendelee kupimwa kwa miaka mingi, kwani saratani ya uke, ingawa ni nadra, ipo. Anayeishi na virusi vya Ukimwi naye amwulize daktari wake.

Kuna pia vifuko vya mayai, ambavyo wanawake wenye umri mdogo huachiwa ili homoni zisikatike ghafla. Saratani yake haina kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema. Tumbo kujaa, kushiba upesi na kukojoa mara kwa mara kwa majuma kadhaa si mambo ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo na kunyamaza.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kuondoka wadini uliza: mlango umetolewa? Vifuko je? Maabara ilisema nini? Omba majibu hayo kwa maandishi. Aliyepoteza karatasi asikate tamaa. Katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita “Russia” kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, au katika kituo kingine chenye huduma hiyo, mhudumu anaweza kuchungulia kwa dakika chache tu akaona kama mlango upo. Ukiwepo, kuna kipimo cha HPV ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani.