Kitenzi na Istilahi ya Sheria: Tatizo la Kufasiri Kiingereza cha Mahakama

Istilahi ya sheria haisimami peke yake. Kila nomino ya mahakamani ina vitenzi ilivyozoea kuandamana navyo, na mwenye kubadili kitenzi aghalabu hubadili maana. J. R. Firth, mwanaisimu wa Kiingereza, alishika msimamo kwamba sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno linayoandamana nayo. Jambo hilo hudhihirika zaidi katika lugha ya sheria, ambako kitenzi hueleza ni nani atendaye na kwa mamlaka gani.

Chukua mfano wa dhamana. Katika Kiingereza, mahakama hutumia «grant», mdhamini hutumia «stand», na mshtakiwa anayetoroka husemwa kwa «jump». Nomino ni moja; watendaji ni watatu. Mfasiri akisema «kutoa dhamana», msikilizaji hajui kama hakimu ametoa ruhusa au jamaa ametoa fedha. Ni bora kusema kwamba mahakama humpa mshtakiwa dhamana, na mdhamini humwekea dhamana.

Tatizo la pili ni kitenzi kimoja chenye kazi mbili. «Serve» huandamana na kifungo, na pia na samansi. Kifungo hutumikiwa na mfungwa. Samansi hukabidhiwa mtu anayeitwa mahakamani. Hapa Kiswahili hakina budi kutenganisha kile ambacho Kiingereza kimekiunganisha.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika rufaa. Jaji wa Kiingereza akitumia «allow» pamoja na rufaa, maana yake ni kwamba mrufani ameshinda. Akitumia «grant leave», ametoa idhini tu ya kukata rufaa. Shauri lenyewe bado halijaamuliwa. Sasa, fasiri ya neno kwa neno ya tamko lile la kwanza, yaani «rufaa imeruhusiwa», huleta maana ya tamko la pili. Mfungwa aliyeshinda atadhani kwamba safari yake ndiyo kwanza inaanza. Fasiri iliyo salama ni «rufaa imekubaliwa», na kinyume chake, «rufaa imetupiliwa mbali».

Isidhaniwe kuwa Kiswahili ni maskini wa mazoea kama hayo. Rufaa hukatwa, kiapo huliwa, kesi hufunguliwa. Hakuna mzawa wa lugha anayeshangazwa na kiapo kuliwa, kama vile Mwingereza hashangazwi na dhamana kurukwa. Kwa hiyo kazi ya mfasiri si kuhamisha kitenzi, bali kutafuta kile ambacho nomino ya lugha yake imekwisha kukichagua.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo hupungua thamani pale mkalimani anapokuwa amekariri orodha ya nomino tupu. Yafaa basi kamusi za istilahi za sheria ziorodheshe kila nomino pamoja na vitenzi vyake, na kando ya kila kitenzi zitaje mtendaji: hakimu, mshtakiwa, shahidi au mdhamini.